Boti ya kuchangia: Kabla ya kugawana faida, chombo kilipwe fungu lake

KWA mkulima wa Nkunga, wilayani Rungwe, fedha ya ndizi, chai na maziwa ikiingia kwenye kikundi hujulikana inakokwenda: ada ya shule, mbolea, bodaboda, au mtaji wa duka dogo pale Tukuyu. Boti haimo kwenye orodha hiyo.

Hata hivyo, tangu barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema iwekwe lami, ufukwe wa Matema umekuwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na wageni wa mwisho wa wiki wanaotoka Mbeya hupita Tukuyu wakielekea huko. Wazo la watu kuchanga na kununua boti ya kutembeza wageni si la kuchekwa tena. Linalotakiwa kujulikana ni boti ya aina gani, kwenye maji gani, na nani atakayeigharamia siku inapokaa bure.

Biashara ya kutumia boti kwa uanachama imeshamiri sana Marekani. Freedom Boat Club, iliyoanzishwa Sarasota katika jimbo la Florida mwaka 1989, inakwenda hivi: mwanachama analipa kiingilio, kisha ada ya kila mwezi, halafu anaweka nafasi ya boti kwa siku anayoitaka. Akimaliza anairudisha na kulipia mafuta aliyotumia. Usafi, matengenezo, bima na mahali pa kuegesha ni juu ya klabu. Boti si mali yake, na injini ikifa hatoi senti.

Mwaka 2019 klabu hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Brunswick, ambayo ndiyo yenye injini za Mercury. Mtengenezaji wa injini naye ameona kuna faida katika kuuza saa za kukaa majini.

Mwanachama huchagua chombo kulingana na shughuli yake. Ipo pantoni ndogo, isichanganywe na ile ya Kigamboni, ambayo ni jukwaa bapa lililokaa juu ya mapipa marefu ya alumini, lina viti na kivuli, linabeba familia nzima, ila linataka maji yaliyotulia. Ipo boti ya uvuvi wa starehe, usukani wake uko katikati ili mvuvi azunguke pande zote. Ipo ya mwendo kasi, ya vijana, ambayo hunywa petroli kama maji. Kwingineko zipo za tanga na kayaki za makasia.

Hapa nchini klabu ya zamani inayofahamika ni Dar es Salaam Yacht Club ya Msasani, iliyoanza mwaka 1933. Hiyo ni ya mashindano ya tanga na ya watu wenye kipato chao. Mfano unaomfaa zaidi mkulima uko kwa wavuvi wa Pwani, ambao walijua kuchangia chombo kabla ya klabu hizo zote.

Kwa wavuvi hao, samaki wakishauzwa na gharama za safari kuondolewa, fedha hugawanywa mafungu. Mabaharia wana lao, nyavu zina lake, na chombo chenyewe kina lake. Fungu la chombo linakwenda kwa mwenyewe, naye ndiye anayejua mbao zikioza au tanga likichanika atatoa wapi. Mafungu hutofautiana bandari na bandari, lakini chombo hakikosi kulipwa. Hapo ndipo vikundi vingi vya bara huteleza: mapato ya siku hugawanywa kwa watu wote, na mashine iliyoyaleta haipati kitu.

Chukulia, kwa mfano tu, kikundi cha watu 20 wa Nkunga ambao kila mmoja anatoa Sh500,000. Hizo ni Sh10 milioni. Wananunua boti ya faiba yenye injini kwa fedha hiyo, nao wanataka baada ya miaka mitano wawe na uwezo wa kununua nyingine. Kila mwaka boti inapaswa kujiwekea Sh2 milioni.

Wageni huja Jumamosi na Jumapili, yaani siku 104 kwa mwaka. Kwenye ukanda huu wa mvua nyingi, na ziwa likichafuka, si ajabu nusu ya siku hizo zikapotea. Zikibaki siku 50, fungu la boti ni Sh40,000 kila siku ya kazi, kabla ya petroli, kabla ya posho ya nahodha na kabla ya ushuru. Kama abiria analipa Sh5,000, wanane wa kwanza wanailipa boti tu. Faida ya kikundi huanza kutafutwa baada yao.

Boti ya makasia, au ile ya kukanyaga kama baiskeli, ina hesabu nyingine. Ikinunuliwa kwa Sh2 milioni na kudumu miaka 10, fungu lake kwa siku hizo hizo 50 ni Sh4,000. Abiria mmoja anatosha, na ikikaa bure haitii hofu. Wanaovutiwa na mlio wa injini wangefanya vyema kuirudia hesabu hii kabla ya kupanda basi kwenda kununua.

Jambo la pili ni maji. Rungwe ina maziwa yaliyo kwenye mashimo ya volkano. Ngosi ni kubwa na zuri, lakini kuta zake ni ndefu na zimesimama wima; mgeni hulitazama kutoka juu, na kushusha boti kule ni kujitesa. Masoko ni dogo zaidi na linafikika kirahisi, tena lina historia ya boma la Wajerumani inayowavuta watu. Kwenye ziwa la namna hiyo kasia na boti ya kukanyaga vinatosha. Injini italeta moshi na mafuta kwenye maji yasiyo na mahali pa kuyapeleka.

Kikundi kitakachofikiria upande huo kianze na serikali ya kijiji chenye ziwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, ambayo makao yake yako Tukuyu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kibanda cha tiketi na soda kimehusika hapo.

Ziwa Nyasa ni jambo jingine kabisa. Kina chake kinafika karibu mita 700, na upepo wa kusini ukivuma mawimbi yake ni ya bahari. Pantoni ya jukwaa haifai pale. Panatakiwa boti yenye kina na ubavu wa kutosha, redio au simu, na nahodha mwenyeji anayeijua Matema, hata kama wenye hisa wote ni watu wa milimani.

Usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC, iliyochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2018. Mwaka huo huo, Septemba 20, MV Nyerere ilizama karibu na Ukara katika Ziwa Victoria na kuua zaidi ya watu 220; uwezo wake ulikuwa watu 101. Majaketi okozi yawe sawa na idadi ya watu chomboni, na gharama yake iingie kwenye bei ya kununulia boti. Wengi huisahau.

Pengine ugumu mkubwa hauko ziwani. Vicoba vingi huvunja kasha mwisho wa mwaka, kila mtu akaondoka na chake kwa ajili ya Krismasi na ada za Januari. Boti haivunjiki Desemba. Mwanachama mwenye mgonjwa atadai Sh500,000 zake, na kikundi kitakuwa na faiba na injini, hakina shilingi.

Ndiyo maana fedha za boti hazifai kukaa kasha moja na za kukopeshana. Wanaotaka boti wajitenge, wasajili kampuni BRELA au chama chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, waandike mapema kwamba anayetoka anauza hisa yake kwa mwenzake na hakuna kurejeshewa. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurudi mwaka 2024, nayo ina marejesho yanayokwenda kwa tarehe, ziwa litulie lisitulie.

Kabla ya yote hayo kuna kazi isiyo na gharama kubwa. Watu wawili wa kikundi wanaweza kwenda Matema Jumamosi nne za kiangazi na nne za masika, wahesabu wageni waliopanda boti, bei waliyolipa, na saa ambazo boti za wenyeji zilikaa mchangani. Nauli ya safari hizo nane igawanywe kwa watu 20.