Kumsubiri Mahdi, baina ya Ujiji na Nduta

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tangu vita vya Gaza vilipozuka Oktoba 2023, na hasa baada ya Goma kutekwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, swali la zamani limerejea barazani na katika simu zetu: je, Imamu Mahdi amekwisha kuzaliwa? Katika nyanda za juu za Kigoma, swali hili si la udadisi tu. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza Aprili ya mwaka huo. Wako Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 wakiwa watoto, wakarudi, wakakimbia tena mwaka 1993, kisha mwaka 2015 wakavuka mpaka pamoja na wajukuu. Urejeshaji wa hiari ulipoanza Septemba 2017, kila familia ililazimika kupima: kurudi au kubaki?

Mtu aliyehamishwa mara tatu na watawala wa dunia hii, akisikia kwamba atakuja kiongozi wa kuijaza ardhi uadilifu baada ya kujaa dhulma, hayachukulii hayo kuwa maneno ya kitabuni. Wala hakosei kutumaini. Hatari iko kwa yule anayejitolea kumtajia tarehe.

Tuweke msingi kwanza. Jina la Mahdi halimo katika Qur'ani, na Bukhari na Muslim hawakulitaja waziwazi katika Sahihi zao. Habari zake zimo kwa Abu Dawud, Tirmidhi, Ibn Majah na wengineo: kwamba ni katika kizazi cha Bibi Fatma (r.a.), na kwamba jina lake na la baba yake yanaafikiana na jina la Mtume na la baba yake. Ibn Khaldun alizitia dosari nyingi katika isnadi hizo. Wanazuoni wengi wa hadithi hawakukubaliana naye. Ndugu zetu Mashia Ithnaasharia wanaamini kuwa ni Imamu wa 12, Muhammad bin Hasan al-Askari, aliyeko ghaibu tangu karne ya 3 Hijria. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, katika riwaya za Kishia wenye kupanga wakati wa kudhihiri kwake wameitwa waongo, na aya ya 187 ya Suratul-Aaraf, ambayo sote tunaisoma, imeirudisha elimu ya Saa kwa Allah peke yake.

Sasa tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1908, katika zama za Wajerumani, ilionekana Lindi barua iliyodaiwa kutoka Arabuni. Ilisimulia kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), amemuota Mtume akiwahuzunikia Waislamu wanaokufa katika madhambi, na kwamba Kiama kimekaribia, mwenye kuisoma ainakili na kuipeleka mbele. Barua ilisambaa, misikiti ikajaa, na Wajerumani, waliokuwa ndiyo kwanza wameizima Maji Maji, wakaingiwa na hofu na kukamata watu. Mwanahistoria B. G. Martin, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1969, aliufuatilia usambazaji wake hadi Zanzibar kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza. Ndiye yule aliyekuwa bwana mkubwa wa biashara ya pembe na watumwa Ujiji, kabla ya kushindwa na majeshi ya Wabelgiji ng'ambo ya ziwa.

Tazama ni wapi barua hiyo ilipokewa kwa moyo. Kusini ilikuwa imetoka katika vita vya 1905 hadi 1907 na njaa kubwa iliyofuata. Watu waliozika jamaa zao kwa wingi kiasi kile hawakuuliza isnadi ya ndoto.

Barua hiyo haijafa. Marehemu Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia, aliandika risala ya kuikanusha, lakini leo inapita katika simu ikimtisha atakayeipuuza. Sheikh Ahmad huyu amelinda kaburi kwa zaidi ya miaka 100, na bado hajastaafu!

Lipo dai zito kuliko la barua. Alfajiri ya tarehe 1 Muharram 1400, sawa na 20 Novemba 1979, Juhayman al-Utaybi na wafuasi wake waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka, wakamtangaza shemeji yake, Muhammad bin Abdallah al-Qahtani, kuwa ndiye Mahdi. Jina liliafikiana, mahali paliafikiana, karne ilikuwa mpya na ndoto zilikuwa nyingi. Wala hawakuwa watu wasiosoma dini. Al-Qahtani aliuawa humo humo msikitini, mapigano yakachukua takriban wiki mbili, na Januari 1980 watu 63 wakauawa kwa hukumu. Kila alama ambayo mwanadamu anaweza kujipachika ilikuwapo. Uliokosekana ni uadilifu, na huo ndio kiini cha hadithi zenyewe.

Si kila dai la Umahdi hushika bunduki. Jumuiya ya Ahmadiyya, inayomwamini Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian kuwa ndiye Mahdi, ilimpata Ujiji mfuasi mashuhuri: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1964 akiwa waziri. Waislamu walio wengi hawaikubali itikadi hiyo, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliijibu kwa kalamu. Ugomvi ule ulikuwa wa tafsiri za Qur'ani, yao ya mwaka 1953 na yake ya mwaka 1969, na watoto wa pande zote waliendelea na shule.

Dai linalotutisha leo ni la aina ya Juhayman. Daesh waliliita jarida lao Dabiq, kwa jina la mji wa Syria unaotajwa katika hadithi ya vita vya mwisho. Wakafukuzwa mjini humo Oktoba 2016 na vita hivyo havikutokea. Mwaka 2019 walitangaza mkoa wao wa Afrika ya Kati, ambao kundi la ADF la mashariki mwa Kongo limo ndani yake. Kijana aliyelelewa kambini, bila kazi wala ruhusa ya kutoka kuitafuta, ni windo rahisi kwa ujumbe wa namna hiyo.

Mzazi ausome ujumbe pamoja na mwanawe na aulize: unamtaka afanye nini? Ukitaka fedha, kiapo, safari ya siri au kuacha masomo, basi mwandishi wake anahitaji watu, na Mahdi ni kisingizio tu. Na familia inayopima kurudi Burundi ifanye mashauriano na istikhara, na iwaulize jamaa waliotangulia Ruyigi kuhusu shamba, shule na usalama. Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba aliyefikiwa na Kiama akiwa na mche mkononi, akiweza kuupanda, basi aupande. Mtume (s.a.w.) hakumwambia mtu huyo aketi kusubiri, ingawa kwake yeye Saa ilikuwa imekwisha kusimama.

Wallahu aalam.