Methali Hii Inamwonea Punda

Kila tukipewa insha kuhusu mtu asiye na fadhila, hatukosi kuandika: asante ya punda ni mateke. Hata mimi niliwahi kuiandika, nikawekewa alama ya vema kwa wino mwekundu. Leo naomba nafasi niipinge. Mimi natoka Golbanti, na kwetu punda si wa kwenye insha.

Farasi hatuna. Mbung'o wa bonde la Tana hueneza nagana, na farasi akishapata ugonjwa huo hadumu. Punda pia huugua, ila yeye hustahimili zaidi. Basi ndiye anayebeba maji, kuni na mahindi, na ndugu zetu Waorma wakihama ndiye anayebeba vyombo vya nyumba.

Likizo moja punda wetu alimpiga mdogo wangu teke la paja. Tukamvamia kwa fimbo, na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Babu akatuzuia. Akafungua kamba, akainua gunia lililokuwa mgongoni. Lo! Chini yake palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, nyuzi za gunia zimegandia ndani. Mdogo wangu alikuwa akikaza kamba papo hapo penye kidonda. Babu hakusema neno, alionyesha kwa kidole tu.

Hebu tufanye hesabu. Punda wa kwetu ana kilo kama 150, na wanaojua mambo ya punda hushauri asibebeshwe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Mitungi miwili, sawa. Sisi tunambebesha minne, halafu kijana mzima anapanda juu ati amechoka kutembea! Na mara nyingi huyo punda anayebeba lita 80 hajanyweshwa hata tone.

Kuna watakaosema kwamba maskini hana pesa za daktari wa mifugo. Kweli, dawa ya nagana haipatikani bure. Lakini kumpangusa mgongo kabla ya kumtandika, ili matope makavu na miiba isibaki chini ya mzigo, kunahitaji pesa gani? Blanketi kuukuu likikunjwa pande mbili, uti wa mgongo ukaachwa wazi katikati, mzigo hauchubui. Kwato nazo hukua kama kucha zetu. Zikwanguliwe kwa kijiti, taratibu, bila kudunga ile sehemu laini ya katikati. Wakati wa mvua ndipo tunapokosea zaidi, maana punda asili yake ni nchi kavu: manyoya yake hayazuii maji vizuri, na kwato zikikaa matopeni huoza. Apewe hata kibanda cha makuti.

Chakula chake si taabu. Majani makavu na mabua ya mahindi yanamtosha. Hatari ni kummwagia punje nyingi kwa ghafla, kwa sababu punda hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo humuua. Tena ni mnyama wa kuficha maumivu. Ukiona ameacha kula, jua ameanza kuumwa zamani.

Wenzetu wa Lamu wana kituo cha kutibu punda tangu mwaka 1987. Sisi huku tunangoja nini? Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini mwaka 2016, ngozi zikawa zinapelekwa Uchina, wezi wa punda wakazuka kila mahali. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Nilifurahi, lakini nikajiuliza: yule tuliyemwokoa na kisu, mbona tunamwacha afe na kamba?

Kidonda cha punda wetu kilichukua wiki sita kupona. Wiki hizo zote maji tulibeba wenyewe, mimi na mdogo wangu, asubuhi na jioni, hadi shingo zikakakamaa. Siku punda aliporudi kazini, mdogo wangu ndiye aliyemtandika. Aliweka blanketi kwanza, akalipapasa kutafuta miiba, kisha akapakia mitungi miwili. Wa tatu aliubeba yeye.