PAPA NA MAMA, TUZUNGUMZE: Mtoto anapiga risasi kwenye kompyuta

  

Mwezi huu sikuchagua mimi mazungumzo. Mama mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya maji, akaniambia: "Papa, ni weye unaandikaka ile ukurasa ya familia? Andika basi juu ya hii michezo ya kompyuta. Sisi tulivuka Rusizi juu ya masasi. Sasa mutoto wangu kila siku ya posho anaenda kwa watu kule Kamembe, anapiga masasi paka magaribi. Nifanye nini?"

Nilimjibu kwamba swali lake ni langu pia. Leo nitawaeleza yaliyonipata, na mimi sijisifu.

Shemeji yangu anakaa Kamembe. Ana kompyuta ya mezani ya zamani, ile yenye skrini nene kama sanduku. Mtoto wangu ana miaka 11, na siku ya posho anaenda kucheza huko pamoja na watoto wa shemeji. Siku moja nilienda kumchukua mapema. Nikiwa bado nje ya mlango nikasikia tu-tu-tu-tu, na watoto wanapiga kelele: "Piga! Piga! Ule anakuja!" Moyo wangu ukaruka. Niliingia bila hodi, nikang'oa waya ukutani. Nikamwambia mtoto mbele ya wenzake: "Unataka kuwa askari? Uliyoyaona hayakutosha?"

Hakujibu. Njia yote kurudi kambini hakujibu. Siku 2 nzima nilipata kwake "ndiyo papa" na "hapana papa" tu. Usiku wa pili mama yake akaniambia: "Ulizima mashini, lakini haukumuuliza mutoto alikuwa anacheza nini." Kweli, sikuuliza. Posho iliyofuata nikaenda naye, nikaomba kiti, nikakaa.

Sasa nitawaambia nilichokiona, kwa sababu wazazi wengi tunakataza kitu ambacho hatujakitazama hata dakika 5.

Michezo ile ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Haikuanzia kwenye kompyuta za nyumbani. Ilianza kwenye mashini kubwa kama kabati, zilizowekwa mahali pa watu wengi, na mtu alitia sarafu ndipo acheze. Wa kwanza walionionyesha unaitwa Space Invaders. Ulitengenezwa na Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni Taito, ukatoka mwaka 1978. Kuna wadudu 55, mistari 5 yenye wadudu 11 kila mmoja, wanashuka polepole kutoka juu. Wewe uko chini na kibunduki kimoja, unajificha nyuma ya kuta 4 ambazo zinabomoka kidogo kidogo. Wakifika chini, umeshindwa.

Kitu kimoja kilinishangaza. Wakati wa kuutengeneza, wazo la kuwapiga watu lilikataliwa. Waliona si vizuri mchezo uwe wa kuua watu. Ndiyo maana adui wa mchezo ule wana sura ya pweza, ya kaa na ya ngisi. Mtoto wangu alipoona natazama kwa makini akanieleza: "Papa, haiko bantu. Ni bidudu." Basi, kumbe alikuwa na jibu tangu ile posho nilipong'oa waya. Mimi ndiye nilikosa swali.

Kuna mwingine unaitwa Asteroids, wa kampuni Atari, mwaka 1979. Huko unapiga mawe yanayoelea angani. Jiwe kubwa ukilipiga linapasuka yanakuwa ya kati, na yale ya kati yanakuwa madogo. Kadiri jiwe lilivyo dogo ndivyo alama zinavyokuwa nyingi: 20, 50, 100. Mwingine ni Galaga wa kampuni Namco, mwaka 1981. Huo watoto waliupenda kupita yote, kwa sababu adui anaweza kuteka ndege yako. Ukimpiga mtekaji vizuri wakati anashuka, mateka anarudi, mnasimama wawili pamoja. Lakini ukipiga ovyo, unamwua ndugu yako mwenyewe. Watoto wote wakanyamaza kimya wakati wa kumwokoa yule mateka. Nikanyamaza na mimi.

Michezo hii inaingiaje kwenye kompyuta ya nyumbani? Iko programu inaitwa MAME. Mwitalia mmoja, Nicola Salmoria, aliianzisha mwaka 1997. Inaifanya kompyuta ijifanye ile mashini ya zamani. Ndiyo maana mtoto anabonyeza namba 5 kwanza: hiyo ni kama kutia sarafu. Halafu namba 1 kuanza, mishale kwa kutembea, Ctrl kwa kupiga, na P kwa kusimamisha, kwenye MAME ya zamani. Mzazi, ishike hiyo P kichwani. Ukimwita mtoto kula chakula, hana sababu ya kusema "nitakufa nikiacha". Anaweza kusimamisha.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Niliona kwamba mtoto wangu akicheza ule wa wadudu, anazima sauti. Michezo mingine anaacha sauti, huo peke yake anazima. Nikamuuliza. Wenzake wakacheka, wakasema anaogopa ngoma. Mchezo ule una sauti 4 nzito zinazorudiarudia, dum, dum, dum, dum, na kadiri wadudu wanavyopungua wanatembea mbio zaidi, na ile sauti nayo inakimbia. Shemeji alinieleza kwamba mbio zile zilitokana na mashini yenyewe: wadudu wakiwa wengi, mashini ya wakati ule ilichoka kuwachora wote; wakibaki wachache, ikawa nyepesi. Nishikado akaona ni vizuri, akaacha hivyo.

Mtoto hakusema kitu mbele ya wenzake. Tulipokuwa njiani, tumeshaacha maduka ya Kamembe, akaanza mwenyewe: "Papa, ile sauti inafanya kama inakuja karibu. Usiku ule nilikuwa nahesabu. Nilihesabu paka 60, nikasikia ingine, nikahesabu paka 40. Nikajua banakaribia. Nilikuwa nataka kukuambia, lakini ulisema tunyamaze."

Ndiyo, nilisema tunyamaze. Tulikuwa tumelala chini, mimi nilidhani yeye amesinzia. Tangu tuvuke mto hatukuwa tumeongea juu ya usiku ule hata mara moja. Nilifikiri kwamba mtoto asiposema, amesahau. Kumbe alikuwa anaubeba peke yake, na mimi nilimwita askari mbele ya wenzake.

Nilimwomba msamaha pale njiani. Baba kumwomba mtoto msamaha, kwetu si kawaida sana, najua. Lakini heshima yangu haikupungua. Usiku ule aliongea hadi mama yake akamwambia alale.

Sasa mama wa kwenye foleni, jibu langu ndilo hili, na wazazi wengine mtanisahihisha.

Kwanza, kaa naye utazame. Usitume kaka yake, nenda wewe. Uliza: unapiga nini? Kwa nini? Unapenda upi, na upi hupendi? Mtoto akiwa anacheza, mdomo wake unafunguka kuliko ukimwita akae mbele yako kama mbele ya hakimu.

Pili, tofautisha michezo. Kupiga mawe na wadudu si sawa na ile michezo mipya ambayo inaonyesha mtu kabisa, damu, nyumba zinaungua. Hii ya pili, kwa watoto wetu walioona ya kweli, mimi nasema hapana. Hata michezo ya zamani kuna mmoja wa kuangalia: Missile Command, wa mwaka 1980. Unalinda miji 6 isipigwe na mabomu kutoka juu, na mwisho wake miji yote inateketea, kwa sababu mchezo haushindiki. Aliyeutengeneza, Dave Theurer, alipata ndoto mbaya za miji kulipuka. Kama mtu mzima aliyekuwa kwao kwa amani aliota vile, mtoto aliyekimbia mji wake tumwangalie zaidi.

Tatu, je, mchezo utamfanya kuwa mkali? Shirika la wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2020, lilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba michezo ya namna hii ndiyo inaleta vitendo vya jeuri. Lakini lilisema pia kuna uhusiano mdogo na mambo kama kupiga kelele na kusukumana. Kwa hiyo tusikimbilie kusema "atakuwa mwuaji", na tusiseme "haina kitu". Tumtazame mtoto mwenyewe. Akirudi amefurahi, anakula, analala, anasoma, hakuna shida. Akianza kukojoa kitandani tena, akishtuka usiku, akijitenga, akiacha masomo, basi ni ishara. Nenda kituo cha afya hapa kambini, uulize mtu anayesaidia watu wenye majeraha ya moyo. Si aibu, na haimaanishi mtoto ana wazimu.

Nne, weka masaa. Shirika la Afya Duniani liliingiza uzoefu mbaya wa michezo kwenye orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022. Hapo wanaongelea mtu ambaye mchezo umemshinda, umekula masomo, kazi na familia, na mara nyingi kwa mwaka mzima. Mtoto anayecheza posho moja kwa wiki hajafika huko. Kwetu tumepatana saa 1 na nusu, kisha anampisha mwingine. Kazi za shule na kuchota maji kwanza. Na kabla jua halijazama awe njiani, tena si peke yake.

Tano, heshimu nyumba ya watu. Umeme unalipwa. Mto tuliouvuka tukikimbia ndio huohuo unaotoa umeme: barrage ya Rusizi II, tangu mwaka 1989, inawashia nchi 3, Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini umeme ukifika nyumbani, yuko mtu anayetoa franka. Mtoto asiende mikono mitupu kila siku. Hata kusaidia kufagia ni shukrani. Na asichomeke flash yoyote aliyookota kwenye kompyuta ya watu, maana virusi vikiingia, urafiki unaisha.

Posho iliyopita nilijaribu na mimi ule wa wadudu. Nilikufa mara 3 kabla hata sijabomoa mstari mmoja. Watoto walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye mkeka. Nikaona mkono wa mtoto wangu unaenda kwenye kitufe cha sauti. Nikamwambia, "Acha izimwe, hakuna shida." Akaongeza sauti kidogo tu, akaniangalia, akasema: "Ukiwa hapa naweza kusikiliza."

Tulisikiliza dakika chache, halafu tukazima, tukaenda nyumbani.

Wazazi, mwezi ujao tutaongea juu ya watoto wanaokataa kurudi shule kwa sababu wamewekwa darasa la chini. Kama una mawazo au una kisa chako, kilete. Asiyejua kuandika aje aseme, nitamwandikia, na jina lake halitatoka.

Mbaki salama. Tuonane mwezi ujao.