Tumbo linalouma siku ya hisabati

Mtoto wa dada yangu anayeishi Mikese yuko darasa la sita. Tangu muhula uanze amekuwa akilalamika tumbo asubuhi. Dada alimpeleka zahanati, akapimwa choo na mkojo, hakuna kilichoonekana. Jumapili nilipowatembelea nikaomba ratiba ya shule. Siku za tumbo ni zilezile ambazo hisabati ni kipindi cha kwanza.

Mzazi, usiharakishe kusema anajifanya. Hofu huvuruga tumbo, na maumivu anayoyasikia mtoto ni ya kweli. Ila anza na zahanati kama dada, maana minyoo na maambukizi ya njia ya mkojo navyo vipo. Kukiwa na homa, kutapika, kupungua uzito au maumivu yanayomwamsha usiku, mrudishe haraka akaonwe.

"Mamdogo, namba ikiwa ndefu naona giza," aliniambia.

Nikamwandikia ndefu kwelikweli: 61,741,120. Ndiyo idadi ya watu Tanzania katika Sensa ya 2022.

"Na mimi nimo?"

Umo. Haya, tuitafutie vigawo tasa. Simu tukaifungia kabatini.

Inaishia na sifuri, kwa hiyo 10 inaigawa, yaani 2 na 5. Ikabaki 6,174,112. Tukagawa kwa 2 mara tano, hadi 192,941. Kwa 3 je? Akajumlisha tarakimu, akapata 26. Haigawanyiki kwa 3, basi na namba nzima haigawanyiki. Akafurahi kuruka. Kwa 5 hapana. 7 ikaingia, ikabaki 27,563.

Hapo ndipo jasho lilipotutoka. 11 inaacha baki, 13 baki, 17 baki. Kwenye 37 alipata baki 35, akataka kutupa kalamu. Nikamwambia hujakosea, umegundua kwamba 37 si kigawo, piga mstari uendelee. Nadhani hapa sisi watu wazima tunawaumiza watoto: tunasubiri jibu la mwisho ndipo tuseme vizuri. 41 ikakataa. 43 ikaingia bila baki: 641.

Na 641 inagawanyika? Si lazima kujaribu namba zote. 26 mara 26 ni 676, imeshapita 641, kwa hiyo namba tasa hadi 23 zinatosha. Zote zikakataa. 641 ni tasa.

Namba hii ina historia. Fermat, Mfaransa mwenye jina kubwa katika hisabati, aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler wa Uswisi akaonyesha kwamba 641 inaigawa. Mtoto alicheka sana kusikia kwamba naye Fermat alikosa.

Basi Watanzania wote ni 2 sita, 5, 7, 43 na 641, ukizizidisha pamoja.

Jumatatu dada alinipigia. Tumbo liliuma, ila kidogo, na mtoto alikwenda shule na ile karatasi mfukoni. Ameagiza nikirudi nimpelekee idadi ya watu wa mkoa wa Morogoro.