Barua Moja kwa Mheshimiwa

Sisi vijana wa kalamu tu hodari wa kulalamika. Kijiweni tunachambua sheria mpaka chai inapoa. Lakini hebu tuulizane bila kuoneana haya: nani kati yetu aliyewahi kumwandikia mbunge wake barua? Mimi sijawahi. Najisuta mwenyewe kabla ya kuwasuta wenzangu.

Mwaka 2018 nilikuwa kidato cha pili. Kaka mmoja wa mtaani kwetu, fundi redio, alikuwa akitoa riwaya yake kwenye blogu, sura moja kila Ijumaa. Tuliisoma watu wanne kwa simu moja. Mara zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Asiye na leseni, faini isiyopungua milioni 5, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Fundi redio atazitoa wapi? Akafunga blogu. Mwaka 2020 zikaja kanuni mpya, na kwa wengine ada ikashuka, lakini kaka hakurudi tena. Mpaka leo sijui kama yule binti wa riwayani alifika Tanga au alishukia njiani.

Tulimlaani waziri. Kumbe waziri hutunga kanuni kwa mamlaka anayopewa na sheria, na sheria hupitishwa na wabunge. Hiyo iliyompa mamlaka ilipita mwaka 2010. Sheria ya Makosa ya Mtandao nayo ilipita Aprili 2015, ikaanza kutumika Septemba. Muswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, kamati husikiliza maoni, ndipo unaporudi bungeni kuamuliwa. Mlango wetu ni hapo katikati. Sisi tunabisha hodi wenyewe wameshalala.

Marekani, Januari 2012, kulikuwa na miswada miwili iliyodai kulinda haki za watunzi dhidi ya wezi wa kazi zao. Nia njema, ndiyo, lakini ingeruhusu tovuti nzima zizuiwe. Januari 18 Wikipedia ya Kiingereza ikajifunga kwa saa 24, ikawaonyesha wasomaji namna ya kuwapata wawakilishi wao. Watu wakapiga simu, wakaandika. Siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando. Haikuzuiwa na matusi ya kijiweni!

Najua mtaniuliza: "Bwana wee, Oktoba 2025 mtandao ulizimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, barua yako itafaa nini?" Swali hilo lina uchungu, wala silidharau. Pengine mheshimiwa hatajibu. Pengine katibu wake ataitupa. Lakini barua iliyopokelewa ofisini na kugongwa muhuri, nakala ukabaki nayo, inamnyang'anya mheshimiwa neno moja tu: "Sikuambiwa." Na barua 300 za jimbo moja si rahisi kuzitupa kimyakimya.

Tena si lazima iwe ndefu. Jina lako, kata yako, muswada gani, kifungu kipi, kitakudhuru vipi, unataka apige kura gani. Ukurasa mmoja. Sisi tunaojidai kuandika riwaya za kurasa 200, ukurasa mmoja unatushinda?

Yangu nimeianza jana usiku. Nimemweleza mheshimiwa habari za yule binti aliyepotelea njia ya Tanga.