Mvua Haisaini Mikataba

Ndugu zangu, leo naanza kwa kutubu.

Tangu nianze kazi hii ya uandishi nimeshaandika habari nyingi ambazo kichwa chake kinaanza na neno moja: mvua. "Mvua yakata mawasiliano." "Mvua yaacha mamia bila makazi." Msimu ukigeuka nabadilisha neno tu: "Ukame waleta mgawo wa umeme." Mhariri anaridhika, habari inatoka, mimi nalipwa changu cha stori (kwa sisi tunaolipwa kwa stori, hicho changu ni kidogo kweli), na maisha yanaendelea.

Hebu zitazame hizo sentensi kama mwalimu wako wa Kiswahili wa darasa la tano. Mtenda ni nani? Mvua. Mtendwa? Wananchi. Waziri hayumo. Mkurugenzi hayumo. Aliyechora ramani, aliyesaini mkataba, aliyeahirisha mradi, wote hawamo. Sisi waandishi tumewafuta kwenye sarufi, na wao wala hawakutuomba. Tumewafanyia bure.

Kilichonigutusha ni kinyozi wangu. Mwanzoni mwa 2024, wakati wa ule mgawo wa umeme, nilikuwa kwenye kiti chake pale Magomeni, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, umeme ukakatika. Hakuwa na jenereta. Akanipa kofia yake, akacheka, akasema, "Kaka, nenda nayo, kesho asubuhi uwahi." Nikamuuliza kwa siku anapoteza vichwa vingapi. Akaacha kucheka. Akanihesabia: kodi ya fremu, leseni, nauli, chakula cha nyumbani, ada ya mtoto. Halafu akasema neno ambalo halijanitoka: "Mwenye fremu haniulizi kama Mtera kuna maji."

Nilirudi nyumbani na kofia ya watu kichwani, nikaanza kujiuliza. Hivi hiyo Mtera imetusaidia kujieleza kwa miaka mingapi sasa?

Tuhesabu. Mvua za mwishoni mwa 2005 zilikuwa haba, na 2006 nchi ikaingia gizani. Tuliokuwepo tunakumbuka ratiba za mgawo, mishumaa, na wimbo wa kila siku kwenye taarifa ya habari: kina cha Mtera. Ghafla taifa zima likawa na utaalamu wa bwawa. Hata muuza karanga alikuwa anajua kwamba maji yakifika mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo inatakiwa kuzimwa. Ukame ule ulikuwa wa kweli, sibishi. Lakini bwawa lile lilijengwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji kwa ajili ya Kidatu, na baadaye likawekewa mitambo yake lenyewe. Miaka yote hiyo nchi iliegemea maji ya mto uleule, Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Miaka 13 mto unatoa taarifa. Nani alikuwa anasoma hiyo taarifa?

Lawama zilipohitaji mwenyewe wa duniani, akapatikana ng'ombe. Mwaka 2006 wafugaji wa Ihefu na Usangu waliondolewa na mifugo yao, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Kwa hiyo orodha ya wakosaji wa mgawo ule ikawa hivi: mbingu na ng'ombe. Hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa mbele ya kamati ya Bunge akajibu maswali.

Halafu ikaja dawa. Juni 2006 TANESCO ikasaini mkataba na Richmond, kampuni iliyotakiwa kuleta mitambo ya dharura ya megawati 100. Mitambo mingi ilifika mvua ikiwa imesharudi, na mkataba wenyewe ukiwa umehamia kwa Dowans. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, huku akilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Mwaka 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaamua Dowans ilipwe takriban shilingi bilioni 94. Sasa niambieni, katika yote hayo mvua ilishika kalamu wapi? Mvua haisaini mikataba. Haina muhuri. Haijawahi kukaa kwenye kikao cha bodi.

Tukaambiwa tungoje gesi. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar likazinduliwa 2015. Tukafurahi, kwamba sasa kina cha Mtera tutawaachia wavuvi. Mwaka 2022 mgawo, sababu ukame. Septemba 2023 mgawo tena, na safari hii sababu zilizotajwa zilikuwa maji kupungua mabwawani pamoja na mitambo iliyohitaji matengenezo. Sikieni hilo la pili. Mashine haiharibiki kwa ukame. Mashine inaharibika kwa kutofanyiwa matengenezo kwa wakati, na matengenezo ni bajeti, na bajeti ni uamuzi wa watu waliovaa suti.

Sehemu inayochekesha (kama una moyo wa kucheka) ni kwamba Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza uwezekano wa El Niño na mvua kubwa za vuli. Vuli ikaja kweli. Desemba 3 mwaka huo Hanang wakazika ndugu zao kwa maporomoko ya tope. Wakati huohuo Dar es Salaam kinyozi wangu bado alikuwa kwenye mgawo. Bwawa la Julius Nyerere likawasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024, na mwezi uliofuata tukasikia baadhi ya vituo vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Aprili Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155. Ndani ya miezi minane nchi moja ilikosa umeme kwa uhaba wa maji, ikazama kwa wingi wa maji, na ikazima mitambo kwa wingi wa umeme. Na kila mara msemaji alikuwa anaelekeza kidole juu.

Tutoke kwenye umeme twende Jangwani.

Mto Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Bonde lake ni sehemu ambayo mto unapumzikia masika. Hii si siri. Desemba 2011 maji yalipita pale yakaua. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini, na wataalamu wakasema mvua ya namna ile haijaonekana tangu 1954. Waathirika wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 matingatinga yakaingia bondeni kubomoa nyumba zilizobaki. Wenye nyumba wakaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba hapa ni mkondo wa maji, hapafai kwa makazi ya binadamu.

Miezi mitano baadaye, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi. Na karakana yao kuu mnajua iliwekwa wapi? Jangwani. Bonde lilelile! Mwananchi aliyebomolewa nyumba ya vyumba viwili kwa sababu bondeni hapafai alibaki pembeni akitazama serikali ikilaza mabasi ya mamilioni palepale. Karakana ikaingiliwa na maji, si mara moja, mabasi yakaharibika, na kila masika Barabara ya Morogoro ikawa inafungwa. Mradi ule ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2022 benki hiyohiyo ikaidhinisha mkopo mwingine, dola milioni 200, kwa ajili ya kulitengeneza bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zake ni daraja jipya la Jangwani na kuiondoa karakana ile. Mnaona mchezo? Tulikopa kuiweka bondeni, tumekopa kuitoa bondeni. Mikopo yote miwili utalipa wewe, na atalipa aliyebomolewa.

Nilivuka pale asubuhi moja barabara ikiwa imefungwa. Vijana walikuwa wanavusha watu kwa mikokoteni, wengine wanabebwa mgongoni kama watoto. Mbele yangu alikuwa dada mmoja wa kazi za ndani aliyekuwa akiwahi Upanga. Analipwa kwa siku. Akabaki amesimama ukingoni, pesa ya nauli mkononi, anapiga hesabu: alipe wa mkokoteni halafu arudi jioni kwa miguu, au arudi nyumbani apoteze siku nzima? Nyuma yetu konda wa daladala alikuwa anabishana na dereva wake, kwa sababu gari halisogei na hesabu ya tajiri iko palepale. Tajiri naye ana mkopo, na benki haina kipengele cha masika. Ukiifuata hiyo kamba unakuta kila mtu amembebesha mzigo aliye chini yake, mpaka mzigo unamfika asiye na wa kumshushia. Siku ile aliyefikiwa alikuwa yule dada. Aligeuka akarudi nyumbani.

Najua kuna msomaji ameshaanza kuandaa majibu. "Wewe hujui mabadiliko ya tabianchi?" Nayajua. Najua pia kwamba hewa inayoipasha dunia joto, kwa sehemu kubwa, haikutoka Magomeni wala Hanang. Imetoka kwenye nchi zilizotutangulia kwa viwanda, na wana deni kwetu. Tuwadai kwa sauti. Lakini mabadiliko ya tabianchi ni sababu ya kujiandaa zaidi, si cheti cha ruhusa ya kulala. Kama unajua mgeni anakuja mara nyingi kuliko zamani na anakuja na fujo, ndiyo kwanza unatakiwa kuimarisha mlango. Wenzetu wanafanya kinyume: kila akija wanashangaa kama hawajawahi kumuona. Jamani, masika! Msimu ambao babu zetu waliupa jina kabla hatujawa na wizara hata moja!

Wengine watasema nchi ni maskini, kila kitu kinataka pesa. Sawa, lakini pesa ipo inapotafutwa kwa dharura. Bwawa la Kidunda, la kuhifadhi maji ya Ruvu kwa ajili ya jiji, limezungumzwa kwa miongo mingi. Mkataba wa kulijenga ulisainiwa Novemba 2022. Novemba ile ilikuwa na nini cha pekee? Mwezi mmoja kabla, Ruvu ilipungua, Dar ikaingia kwenye mgawo wa maji, na foleni za madumu zikaonekana hata kwenye mitaa ya wakubwa. Kumbe kalamu zilikuwepo siku zote. Zilikuwa zinangoja kiu ifike Masaki.

Hata hili bwawa kubwa la Rufiji, megawati 2,115, ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika 2025, nalipongeza kweli, kinyozi wangu analipongeza kuliko mimi. Lakini tusisahau kwamba Ruaha Mkuu ule unaokauka kiangazi ni mmoja wa mito inayoingia Rufiji. Tumejenga tanki kubwa zaidi kwenye bomba lenye tatizo lilelile. Kama hatutashughulika na maji ya Usangu kwa akili, bila kufukuza ng'ombe na kuacha mifereji ya mashamba makubwa, siku moja tutasomewa tena kina cha bwawa kwenye taarifa ya habari, jina la bwawa tu ndilo litakuwa limebadilika.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti, na ninawaomba wenzangu wa kalamu na nyie wasomaji mnishike shati nikiyavunja. Kila nitakapotaka kuandika neno mvua mwanzoni mwa habari, nitauliza kwanza maswali matatu. Nani alijua, na alijua tangu lini? Nani alitakiwa kufanya nini, na kilikwama mezani kwa nani? Na hasara imelipwa na nani? Nikikosa majibu nitaandika kwamba nimeuliza na mhusika hakujibu, na jina lake nitaliweka. Mvua itabaki kwenye habari, maana kweli imenyesha. Ila kiti cha mtenda arudishiwe mwenyewe.

Na wewe usiye mwandishi una kazi pia. Mheshimiwa akija mtaani kwenu na shangingi lake kutoa pole na mablanketi, pokea blanketi, mshukuru, ni ustaarabu. Halafu muulize mtaro ulioahidiwa kwenye bajeti ya mwaka jana umefika wapi. Muulize mbele ya kamera. Akianza kuelekeza kidole juu, mwambie kwa heshima zote kwamba hujamuuliza habari za juu.

Kofia ya kinyozi nilimrudishia kesho yake asubuhi. Alimalizia upande wa pili, na hela ya kunyoa alitaka kuniachia eti kwa usumbufu. Nilikataa, nikalipa. Usumbufu ule haukuwa wake, na nimechoka kuona watu kama yeye wakiulipia.