Mnajificha, Hamjajipanga

Kuna stori imeshika siku hizi kati yetu tunaojiita anarkisti hapa Nairobi. Ati maandamano yalishaisha. Ati barabara ni mtego, kamera kila kona, na mwenye akili abaki na watu wake watano anaowaamini, wafanye mambo kimyakimya.

Hofu naielewa. Baada ya Juni 2024 vijana walitekwa na wanaume waliofunika nyuso. Hakuna anayetaka kuwa wa pili.

Lakini tukumbushane. Tarehe 25 Juni, wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Kikundi gani cha watu watano kilimfanya akatae? Ni maelfu waliojaza barabara, na wapo waliolipa kwa maisha: kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Ukisema barabara haifanyi kazi, unawaambia hao walikufa bure.

Mtaniuliza: si vikundi vidogo ndivyo vilituokoa? Ndiyo. Madaktari wa kujitolea, mawakili waliozunguka vituo vya polisi usiku, wasee waliogawa maji, waliochanga bili za hospitali. Hakuna aliyewatuma. Lakini walikuwa wapi? Hapo hapo kwenye moshi, na watu. Hata Uhispania, vikundi vya FAI vilivyoungana mwaka 1927 vilikuwa na uzito kwa sababu wanachama wake walikuwa ndani ya CNT, chama cha wafanyakazi chenye wanachama kwa malaki. Ondoa umati, unabaki na klabu ya kusoma vitabu.

Na wewe unayekuja tauni peke yako na bendera, pia umekosea. Ukikamatwa, nani atajua hukufika nyumbani?

Kwa hivyo njooni watano watano. Mkubaliane mtakutana wapi mkitawanywa, nani ana namba ya wakili, nani atampigia mama ya nani. Halafu mtoke.

Kama watano wako hawajulikani hata na mama mboga wa ploti yenu, hamjawa tishio kwa serikali yoyote. Nyinyi ni marafiki tu, na siri yenu haimlindi mtu.